Video zangu zinafunguliwa lakini haziangaliwi. Watu wanakimbia kabla ya sekunde ya 30, tatizo ni nini?

#1 Fundi wa Aggrey
Wakuu habari za jioni.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Nina chaneli YouTube nafundisha ufundi: simu isiyoingiza chaji, kubadili kioo, simu iliyoingia maji, mambo ya namna hiyo. Kufunguliwa zinafunguliwa, tena si haba. Shida hakuna anayekaa. YouTube Studio wana ile grafu inayoonyesha watazamaji walibaki mpaka dakika ya ngapi. Yangu inaanza juu halafu inaporomoka, ikifika sekunde ya 30 zaidi ya nusu wameshasepa.

Kuna na hili sijalielewa. Katikati grafu inapanda tena, inatengeneza kilima, kisha inashuka. Video ya simu isiyoingiza chaji ina dakika 11, kilima kipo dakika ya sita hivi, pale ninapoweka mita ya kupima umeme kwenye tundu la chaji. Sasa hao wanaopanda wametoka wapi na wakati mwanzoni walishaondoka?

Naona wenzangu wanasimulia umbea tu, nusu saa nzima, na watu wametulia. Mimi nafundisha kitu cha kumpa kijana ugali. Ni sura yangu, ni sauti, ni urefu, au Watanzania hatupendi kujifunza? Wajuzi karibuni.

#2 Pweza wa Feri
Nimeshika siti ya dirishani. Weka jina la chaneli tukague.

#3 Dada wa Editi
Kanitumia inboksi, nimeiangalia hiyo ya chaji. Kazi yangu ni kuediti, nipo Sinza, kwa hiyo niseme bila kupepesa.

Fundi, unaanza na salamu. Unataja jina lako. Jina la ofisi. Unaelekeza njia ya kufika kuanzia Msimbazi. Namba ya simu, mara mbili. "Kama ni mara yako ya kwanza usisahau kusabskraibu." Kengele. Unawashukuru waliokomenti video iliyopita, mmoja mmoja kwa majina. Unamaliza na dua. Dakika moja na nusu imekwenda, simu bado ipo mezani haijaguswa.

Mwanzo weka mita. Salamu zitakuja baadaye, au zikae kwenye maelezo chini ya video.

#4 Mjomba Rangi Tatu
#3 hapo umechemka. Mswahili gani anaingia nyumbani kwa watu bila kubisha hodi? Mimi mtu akianza kuniongelesha mita bila hata habari yako naona dharau. Wazungu waache na yao.

#5 Dada wa Editi
Mjomba, aliyebisha hodi ni mtazamaji. Yeye ndiye aliyekuja kwa fundi na simu mkononi. Fundi akiletewa simu pale dukani huwa anaanza kwa kusimulia njia ya kutoka Msimbazi?

#6 Mjomba Rangi Tatu
Salamu lazima. Basi.

#7 Pweza wa Feri
Jamani mbona jibu lipo wazi. Anayetafuta "simu haiingizi chaji" anaangalia kwa simu gani? Kwa hiyo hiyo isiyoingiza chaji! Ana asilimia 4, wewe unamwekea dakika 11 na dua juu. Hajakimbia mkuu, simu imezima.

#8 Fundi wa Aggrey
#7 hahaha aisee. Ila na za kubadili kioo wanakimbia vile vile.

#9 Pweza wa Feri
Kioo kimepasuka ataona nini?

#10 Kimara Mwisho
Tuwe siriasi kidogo. Tatizo ni bando. Mtu kajiunga la siku, ana MB za kuhesabu, akiona video ya dakika 11 anachungulia, anatoka. Mmesahau Aprili 2021 bando zilivyopanda ghafla, watu wakapiga kelele mpaka serikali ikasitisha? Tangu siku ile mimi video ndefu nazishusha usiku kwa bando la usiku, nazitazama asubuhi ndani ya mwendokasi. Unaposema hatupendi kujifunza, kwanza tuulize kujifunza kunakula MB ngapi.

#11 Binti Tegeta
#10 hoja yako ingesimama kama hao wa umbea wangekimbiwa pia. Nusu saa ya umbea inatazamwa kwa bando hilo hilo la mtu huyo huyo.

#12 Kimara Mwisho
Umbea mtu anausikiliza, haangalii. Anaweka simu mfukoni. Unaweza kushusha ubora wa picha mpaka mwisho na usipoteze kitu. Mita utaisikiliza?

#13 Binti Tegeta
Hapo sawa, nimekupa moja.

#14 Msomi wa Mlimani
Wakuu, hili limeshafanyiwa utafiti. Uwezo wa binadamu kutulia na kitu kimoja umeshuka hadi sekunde 8, samaki wa kufugwa anatushinda maana yeye ana 9. Dunia imebadilika, TikTok imetumaliza. Fundi usijilaumu.

#15 Mwalimu Chaki
#14 hiyo ya samaki tuizike leo. Ilisambazwa na ripoti ya Microsoft ya Kanada mwaka 2015, ikiwa imeokota takwimu kwenye tovuti nyingine. Watu wakaifuatilia kutafuta utafiti uliompima binadamu au samaki, hawakuukuta. Na kama tungekuwa na sekunde 8 nani angemaliza mechi ya Simba na Yanga?

#16 Pweza wa Feri
Mimi nauza samaki. Hakuna aliyewahi kunitazama sekunde 9.

#17 Mwalimu Chaki
Utafiti upo mwingine, huo una mashiko. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua video za masomo kwenye jukwaa la edX, mitazamo milioni 6.9. Walikuta hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati ambao wanafunzi waliutumia haukuvuka dakika 6. Ikawa ndefu zaidi, wengi hawafiki hata nusu. Walikuta pia mwalimu anayeongea haraka haraka na kwa uchangamfu anakaliwa kuliko yule wa polepole, na kwamba video iliyopigwa kienyeji mezani kwa mwalimu inaweza kuishinda ile ya studio ya gharama. Hilo la mwisho limfariji fundi, asihangaike na mataa.

#18 Msomi wa Mlimani
Sasa si ndiyo nilichosema? Dakika 6 kwisha.

#19 Mwalimu Chaki
Sicho. Hiyo ni namba ya katikati ya kundi, kwa wanafunzi wa kozi fulani. Haisemi ubongo unazima dakika ya 6. Na ushauri wa wale watafiti ulikuwa kukatakata somo katika vipande, wala si kulifupisha mpaka lipoteze maana.

#20 Mama Shughuli
Nisikilizeni mimi mtazamaji maana naona mnaongea wapishi watupu. Hiyo video yake nimewahi kuiona kabla ya uzi huu! Simu ya mwanangu ilikuwa haiingizi chaji. Nilifungua, nikasikia salamu, nikagonga kioo upande wa kulia, zile sekunde kumi kumi, gonga gonga gonga, mpaka nikaona mkono unashika kitu. Nikarudi nyuma kidogo. Nikaangalia anavyosafisha uchafu kwenye tundu kwa kijiti. Nikafanya. Ikaingiza. Nikafunga.

Nimepata nilichofuata. Sasa fundi unataka nibaki nifanye nini humo ndani?

#21 Fundi wa Aggrey
Mama asante. Ila kulaiki hukulaiki.

#22 Mama Shughuli
Nilisahau mwanangu, nilikuwa na furaha.

#23 Dada wa Editi
#20 ametegua kitendawili cha kilima. Wanaopanda katikati ni hao hao wanaoruka mbele, na wengine wanarudia kipande. Ndiyo maana grafu inaweza hata kuvuka asilimia 100 sehemu inayorudiwa sana. Tangu 2022 hata mtazamaji anaona kile kivuli juu ya mstari wa video, kinaonyesha pale paliporudiwa zaidi. Watu wanaruka moja kwa moja pale. Fundi, weka sura za video, zile dakika unazoziorodhesha kwenye maelezo: ya kwanza iwe 0:00, ziwe zisizopungua tatu, kila moja isipungue sekunde 10.

#24 Kijana wa Buza
Ukiweka sura si ndiyo unawasaidia kuruka? Masaa ya kutazamwa yatapungua.

#25 Dada wa Editi
Wataruka hata usipoweka. Afadhali waruke kwa adabu.

#26 Kijana wa Buza
Mimi naona mnamkwepa. YouTube tangu 2012 waliacha kupima kwa kufunguliwa tu wakaanza kupima muda unaotazamwa. Kwa hiyo Mama Shughuli akifurahi akafunga baada ya kutazama dakika mbili, yeye kafaidika, fundi kaumia. Ufundi mzuri unaadhibiwa, maneno mengi yanalipwa. Ndiyo maana kila mtu anavuta vuta hadithi. Na fundi mwenyewe hizo dakika 11 nahisi anazivuta zifike 10 aweke matangazo ya katikati.

#27 Binti Tegeta
Marekebisho: matangazo ya katikati ni dakika 8, ilishushwa kutoka 10 Julai 2020. Na siku hizi hawaangalii muda peke yake, wanawauliza watazamaji kwa dodoso kama wameridhika. Zile nyota zinazotokea ghafla usiku unasikiliza mawaidha.

#28 Fundi wa Aggrey
#26 mkuu mimi hata matangazo sina. Wafuasi elfu wanaotakiwa ili upewe matangazo nimevuka zamani, ila masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12 ndiyo yananitoa jasho.

#29 Kijana wa Buza
Piga Shorts basi, zile video fupi za YouTube. Siku hizi zinafika dakika 3. Utapata namba mpaka ushangae.

#30 Binti Tegeta
Ushauri mbovu kwa shida yake. Muda wa Shorts zinazotazamwa kule kwenye mkondo wa kuskroli hauhesabiwi kwenye hayo 4,000. Njia ya Shorts ina mlima wake, mitazamo milioni 10 kwa siku 90. Na "mpaka ushangae" ni kwa sababu tangu 31 Machi 2025 Shorts ikianza tu kucheza inahesabiwa, hata kama mtu kapitisha kidole. Namba ipo, mtu hayupo.

#31 Mzee wa Temeke
Vijana mnajadili kama vile kushika watu kumeanza na YouTube. Niwape yangu.

Tulipokuwa wadogo Mnazi Mmoja alikuwa anakuja muuza dawa na sanduku la mbao limefungwa kamba. Anasema ndani yumo nyoka, katoka bonde la Rufiji, ana kitu kichwani ambacho hujawahi kukiona. Halafu hafungui. Anagonga sanduku kwa fimbo, anaweka sikio, anarudi nyuma hatua moja. Sisi wote tunarudi nyuma. Anaanza kueleza dawa ya tumbo. Watu wakianza kusogea pembeni, anashika kamba, analegeza fundo moja. Tunarudi. Dawa ya meno. Fundo la pili. Mimi nilitumwa mafuta ya taa, nilirudi nyumbani giza na chupa tupu.

Fundi, wewe unafungua sanduku ukiwa bado unataja namba ya simu. Au hata watu hawajui kama una sanduku. Mwanzoni sema: "Simu hii mafundi wawili wameshindwa, mita itatuambia kitu ambacho wao hawakukiangalia." Kisha endelea na salamu zako zote na dua. Watakaa.

#32 Mjomba Rangi Tatu
Mzee wangu umenena. Salamu zimepona.

#33 Mama Shughuli
#31 na nyoka alikuwemo?

#34 Mzee wa Temeke
Sikuwahi kumwona hata mara moja.

#35 Mama Shughuli
Basi huo ni utapeli, na ndiyo maana mimi naruka. Tumechoka na kamba za watu. "Kaa mpaka mwisho utaona maajabu", unakaa, hakuna ajabu lolote.

#36 Pweza wa Feri
Buguruni alikuwepo mmoja akafungua kweli. Hakuna aliyenunua dawa siku ile, wote tulikuwa tumeshafika Malapa.

#37 Dada wa Editi
Mzee wa Temeke nakuunga mkono nusu. Ahadi mwanzoni ni dawa, hilo nawafanyia wateja wangu kila siku. Ila yule muuza dawa alikuwa na faida moja: ukitoka kwenye duara unaonekana, unakanyaga watu, unaona aibu. Kwenye simu kidole hakimuonei mtu haya. Kwa hiyo kila baada ya muda mfupi lazima utoe kitu cha kweli, ndipo uahidi kingine. Na kava ya video isiahidi nyoka kama ndani kuna mjusi. Hata YouTube wenyewe ukiwapa kava tatu wazishindanishe, wanayoitangaza mshindi ni iliyoleta muda mwingi wa kutazamwa, wala si iliyogongwa sana.

#38 Mzee wa Temeke
Na vibanda umiza je? Mbona humo hakuna aliyetoka? Filamu ya Kichina, hujui neno, picha imechakaa, joto la kufa mtu. Lakini sauti ya Lufufu inatafsiri, inaongezea chumvi, inamwita yule mbaya majina ya mtaani kwetu. Pale palipokuwa kimya kwenye filamu yeye alikuwa anaongea. Huo ndio ufundi. Fundi wetu akianza kuchokonoa simu anakaa kimya dakika nzima, nimeona.

#39 Kimara Mwisho
Mzee, mle mlikaa kwa sababu mlilipa mlangoni. Ukishatoa hela yako huondoki hata filamu iwe mbovu. YouTube hakuna aliyelipa kiingilio, ndiyo siri nzima. Wekeni kiingilio muone watu watakavyotulia.

#40 Binti Tegeta
#39 alilipa bando, wewe mwenyewe ulisema #10.

#41 Kimara Mwisho
Bando halimlipi fundi. Haliumi kwa namna hiyo hiyo.

#42 Konda Mstaafu
Nimechelewa, nimesoma yote. Hakuna aliyetaja sauti vizuri. Nimefungua video ya fundi, nyuma yake kuna spika ya machinga "elfu mbili mbili, elfu mbili mbili". Mpaka sasa najua bei ya soksi, sijui tatizo la simu. Picha mbaya navumilia, sauti mbaya hapana. Na wengi tunaangalia ndani ya gari bila spika za masikioni, tumezima sauti kabisa. Weka maandishi chini.

#43 Mwalimu Chaki
#42 una hoja. Newman na Schwarz mwaka 2018 waliwasikilizisha watu mazungumzo yale yale ya wanasayansi, mara kwa sauti safi, mara kwa sauti mbovu. Ya sauti mbovu wasikilizaji waliona utafiti wenyewe ni dhaifu na msemaji hana akili sana. Maneno hayakubadilika.

#44 Mjomba Rangi Tatu
Kumbe. Lakini fundi wa Kariakoo bila kelele za Kariakoo nitamwamini vipi? Akiwa kimya nitasema yupo Dodoma.

#45 Fundi wa Aggrey
Wakuu nimerudi. Jumapili nilirekodi upya ile ya chaji, maduka mengi yamefungwa kwa hiyo spika hakuna. Nimeanza na mita na ile ahadi ya Mzee wa Temeke, salamu nimeziweka baada ya hapo, fupi. (Mjomba, zipo.) Inazidi kidogo dakika 7.

Matokeo ya awali: sekunde ya 30 wanabaki wengi zaidi, tofauti inaonekana wazi. Lakini wakishaona mita inasoma nini wanaondoka kwa pamoja. Kwa hiyo wastani wa muda anaokaa kila mmoja unakaribia ule ule wa zamani. Kilima kimehamia mwanzoni tu. Mnasemaje?

#46 Kijana wa Buza
Nilisema. Ukitoa jibu mapema umejichongea.

#47 Mama Shughuli
Mimi nasema umefaulu. Angalia komenti, watu wanashukuru?

#48 Fundi wa Aggrey
Wanashukuru, tena wengi kuliko ile ya kwanza. Mpaka mmoja wa Bukavu.

#49 Binti Tegeta
Fundi una wateja wawili ndani ya video moja. Kuna Mama Shughuli mwenye simu moja na haraka zake, huyo anataka dakika mbili. Kuna kijana wa Mtwara au Katoro anayetaka kuwa fundi, huyo hata dakika 40 atakaa na daftari. Jina "simu haiingizi chaji" linamwita mama, ndani unamfundisha kijana. Tenganisha. Mpe mama yake fupi, na ya kijana iite jina ambalo mama hatalifungua.

#50 Kijana wa Buza
Na masaa 4,000 atayapata kwa nani? Vijana wa kukaa na daftari Bongo hii ni wangapi?

#51 Binti Tegeta
Wachache wanaokaa dakika 40 wanaweza kuwashinda wengi wanaokaa nusu dakika. Piga hesabu.

#52 Mjomba Rangi Tatu
Hesabu nyingi. Awe anasimulia umbea huku anabadili kioo, biashara iishe.

#53 Dada wa Editi
Mjomba leo umesema kitu na hujui. Kila simu ina kisa. Nani kaivunja, kwa nini. Bila majina lakini.

#54 Fundi wa Aggrey
Visa ninavyo vya kujaza bahari. Ila wateja wangu watanihama.

#55 Konda Mstaafu
Samahani kutoka nje ya mada. Simu yangu imeingia maji jana daraja la Jangwani, mvua ile. Nimeifukia kwenye mchele tangu jana usiku. Inatosha au niongeze siku?

#56 Fundi wa Aggrey
Itoe kwenye mchele sasa hivi mkuu. Mchele haunyonyi maji yaliyo ndani ya simu, unaongeza vumbi na chembe kwenye tundu. Hata Apple mwaka 2024 walionya watu wasiweke iPhone kwenye mchele. Izime, isimamishe tundu likiwa chini, ipate hewa. Kesho saa nne njoo Aggrey niifungue nisafishe kabla kutu haijaanza. Na usiichomeke chaji kabisa.

#57 Konda Mstaafu
Nimeshaichomeka.